Damu ya Mzee: Kurudisha Rangi ndani ya Land Rover ya Juba

Juba magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Hata hivyo, mgeni akisimama dakika kumi karibu na soko la Konyo Konyo ataona kwamba magari mengi yana usukani kulia pia, jambo ambalo kwa kawaida haliendi pamoja. Mengi yameingia kupitia Uganda na Kenya, ambako watu huendesha kushoto, na kabla ya hapo yalitumika Japani, ambako nako huendesha kushoto. Sisi tumelizoea. Abiria hushuka upande wa katikati ya barabara, dereva hulipita lori bila kuona mbele vizuri, na maisha yanaendelea.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba sehemu ya ndani ya gari kuukuu, yaani usukani, dashibodi, viti na hata namna rangi ilivyopauka, inaweza kusomwa kama tunavyosoma waraka. Na kama ni waraka, basi anayeitengeneza nyumbani kwa sabuni, msasa na rangi ana uamuzi wa kufanya: afute nini, aache nini. Mfano wangu ni Land Rover ya babu yangu mzaa mama, ambayo mimi na mjomba tuliitengeneza ndani wakati wa likizo, uani kwetu Malakia. Injini sitaizungumzia. Hiyo ni kesi nyingine, na mjomba bado anaipambania.

Huenda mwenzangu wa historia akauliza kwa nini nihangaike na viti vya gari wakati zipo nyaraka. Nyaraka zipo, lakini tukumbuke zimepita wapi. Baada ya amani ya 2005, mafaili ya serikali za zamani za Kusini yalikusanywa kutoka kwenye maghala na vyumba vya chini vya ofisi, na kwa miaka kadhaa yakahifadhiwa ndani ya hema hapa Juba. Hema, katika mji ambao Februari na Machi joto hufika nyuzi 38 na masika huleta maji hadi mlangoni. Mchwa nao wakala sehemu yao kabla mafaili hayajahamishwa na kuanza kupangwa na kupigwa picha. Nchi ambayo karatasi zake zimeokolewa hivyo haiwezi kudharau ushahidi wa aina nyingine. Tena mafaili yale yaliandikwa na ofisi. Mtu kama babu, aliyekuwa dereva, anaonekana humo kama jina katika orodha ya mishahara, akionekana.

Juba yenyewe ina deni kubwa kwa magari. Mji huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchukua nafasi ya Mongalla kama makao ya serikali ya mkoa, na sababu mojawapo ya kuwa hapa ni mto. Meli za Nile kutoka kaskazini ziliweza kufika hapa, lakini hazikuweza kuendelea. Kati ya Juba na Nimule mto una maporomoko, na meli haipiti. Upande wa pili, kuanzia Nimule, maji yanatulia tena na safari ya meli iliwezekana hadi Ziwa Albert. Kwa hiyo aliyetoka Khartoum kwenda Uganda alilazimika kushuka melini Juba na kupanda gari kwa kilomita karibu 190, kisha apande meli nyingine. Barabara nyingine ilikwenda magharibi hadi Aba, katika Kongo ya Wabelgiji. Mji ulikuwa kiungo, na kiungo chenyewe kilikuwa gari na dereva wake.

Barabara hizo zilitumia sheria ya Waingereza ya kuendesha kushoto, kama Uganda na Kenya. Kwa hiyo Land Rover zilizoletwa kwa idara za serikali zilikuja na usukani kulia. Yetu ni mojawapo. Hati yake ya kwanza imepotea, lakini umri wake unaonekana usoni. Taa zake kubwa za mbele ziko katikati, zimebanana karibu na grili. Kiwanda kilizihamishia kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo gari letu ni la kabla ya hapo. Ndani, geji zake ziko katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva, na hilo linaonyesha ni la kabla ya 1971, mwaka ambao lilitoka toleo la tatu lenye geji mbele ya usukani.

Kuhusu geji hizo inafaa kueleza kidogo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa kibali, ndiyo maana mwili wa gari ukafanywa wa aluminiamu. Kiwanda kilitaka kuuza nje ya nchi, kwa watu wanaoendesha kulia na wanaoendesha kushoto. Gari la majaribio kabisa liliwekewa usukani katikati, kama trekta. Wazo hilo halikudumu, lakini geji zilibaki katikati, kwa sababu kibati kimoja chenye spidomita na geji ya mafuta kingefaa gari lolote bila kujali usukani uko wapi. Kwa maneno mengine, dashibodi yetu ilitengenezwa na watu waliojua kwamba dunia haijakubaliana upande wa kupita. Mimi naiona kama dashibodi ya busara kuliko nyingi zilizokuja baadaye.

Halafu ukaja mwaka 1973. Tarehe 6 Agosti mwaka huo Sudan nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitazama ramani kutoka Khartoum, uamuzi unaeleweka. Misri, Libya, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Zaire zote ziliendesha kulia, na Ethiopia ilikwishahama mwaka 1964. Ukitazama ramani hiyohiyo kutoka Juba, mambo ni tofauti. Bidhaa za Juba, shule za watoto wa Juba, hospitali na ndugu waliokimbia vita ya kwanza walikuwa Uganda na Kenya, na huko ni kushoto. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulikuwa umeipa Kusini serikali yake ya jimbo, na makao yake yalikuwa hapa Juba, lakini upande wa barabara haukuwa jambo la kuamuliwa Juba. Sisemi kwamba uamuzi ulikusudia kutuumiza. Nasema kwamba kwa siku moja barabara ya Nimule ikawa na mpaka ambao hata mtu asiyejua kusoma bango anauhisi mikononi. Uhuru wa 2011 haukuubadilisha. Hata leo, na ingawa Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, dereva anayevuka kwenda Uganda lazima ahame upande.

Babu aliendelea na usukani wake wa kulia. Gari lilikuwa la idara ya serikali, yeye akiwa dereva wake, na lilipouzwa kwa mnada katika miaka ya 1970 akalinunua. Kuhamisha usukani kulihitaji vipuri na pesa. Kushona viti upya kulikuwa rahisi zaidi, na hicho ndicho alichofanya.

Tulilijua hilo tulipovua kiti cha kwanza. Kitambaa cha juu tulichokizoea sote ni cha rangi ya waridi iliyochoka, karibu na rangi ya ufizi. Lakini ulipogeuza ukingo uliokunjwa na kufichwa chini ya fremu, rangi ilikuwa nyekundu nzito, ile tunayoiita damu ya mzee. Chini ya misumari midogo ya ukingo, kulikuwa na mabaki ya kitambaa kingine, kijivu, kimeraruliwa na kuachwa. Kijivu ni cha kiwandani. Nyekundu ni ya babu.

Vitambaa vyote viwili fundi aliviita reksini. Neno hili tunalitumia Afrika Mashariki kote kwa kitambaa chochote cha plastiki kinachofanana na ngozi, lakini mwanzoni lilikuwa jina la bidhaa ya kampuni moja ya Uingereza. Reksini ya kwanza ilikuwa kitambaa cha pamba kilichopakwa dawa ya selulosi na rangi. Baadaye plastiki ya vinili ilichukua nafasi yake, bidhaa ikatoweka, jina likabaki kwa mafundi. Fundi aliyetusaidia ametoka Arua, alijifunza kazi Kampala, na akizungumza kazi maneno yake ni ya Kiswahili: sponji, gundi, msasa, reksini. Akitaja bei hurudi kwenye Kiarabu cha Juba. Gereji nyingi hapa zinazungumza hivyo, kwa kuwa waliozifungua ni ama Waganda, Wakenya na Wakongo waliofuata kazi baada ya 2005, ama watu wetu waliorudi kutoka ukimbizini na ujuzi wa huko.

Sasa nije kwenye kupauka kwenyewe. Vinili laini ni plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu, lakini imechanganywa na mafuta ya kuilainisha. Joto hutoa mafuta hayo pole pole. Ule ukungu wa mafutamafuta unaouona kwenye kioo cha ndani cha gari lililosimama juani ni sehemu yake. Yakiisha, kitambaa kinakauka na kupasuka pale kinapokunjwa. Rangi nayo inavunjwa na mwanga wa jua. Kioo cha gari huzuia sehemu ya miale mikali, lakini si yote. Nyeusi inayotokana na masizi huvumilia sana. Nyekundu nyingi hazivumilii, na hupauka hadi waridi. Kwa hiyo babu alichagua rangi nzuri ambayo haikufaa jua la Juba. Bibi, ambaye tunamwita haboba kama wajukuu wote wa mji huu, anasema alishauriwa achukue nyeusi akakataa, kwa hoja kwamba nyeusi ni ya polisi.

Gari halikupauka likiwa njiani. Lilipauka likiwa limesimama. Vita ya pili ilianza mwaka 1983, na kadiri miaka ilivyokwenda Juba ikawa mji wa ngome: jeshi la serikali ndani, SPLA nje, barabara zimetegwa mabomu, chakula kikija kwa ndege au kwa misafara. Petroli ilikuwa ya jeshi. Haboba aliondoka na watoto kwenda Uganda. Babu alibaki, na gari likaegeshwa chini ya mwembe mwishoni mwa miaka ya 1980. Halikutoka hapo hadi baada ya mkataba wa Januari 2005.

Lilikuwa limeegeshwa pua ikielekea magharibi, upande wa Jebel Kujur, na mwembe ukiwa upande wake wa kusini. Ukilijua hilo, viti vinajieleza vyenyewe. Land Rover hii ina viti vitatu mbele. Cha kushoto, kilicholindwa na mwembe, kimepauka kidogo tu. Cha katikati kimepauka zaidi. Cha dereva, kulia, ndicho kilichoungua kuliko vyote, kwa kuwa kuanzia Aprili hadi Septemba jua letu la jioni huzama kaskazini kidogo ya magharibi na hakukuwa na tawi la kulizuia. Hadi hapa ni hesabu ya jua tu, na nilifurahi nayo kama mwanafunzi anayefurahia jibu kukubali.

Lakini mgongo wa kiti cha dereva haukukubali. Pembeni ulikuwa waridi, karibu mweupe. Katikati kulikuwa na sehemu nyekundu iliyobaki, pana juu, ikipungua kuelekea chini, bila mstari mkali. Hatukuiona kabla ya kuosha kwa sababu vumbi lilikuwa limeifunika. Mjomba alidhani ni mafuta ya gari. Nikaisugua kwa kitambaa cheupe chenye sabuni. Kitambaa hakikutoka na kitu. Haikuwa doa. Ilikuwa rangi ya zamani, mahali ambapo jua halikufika.

Jua la mchana haligongi mgongo wa kiti, linagonga paa. Linalofika pale ni la alasiri na jioni, linapopita katika kioo cha mbele. Kwa hiyo kitu fulani kilikaa mbele ya mgongo ule wakati huo wa siku, si mara moja, bali kwa miaka. Mjomba alisema taulo. Taulo lingeacha pembe nne.

Tulimuuliza jirani yetu mmoja, mzee ambaye hakuondoka Juba vita yote. Alijibu bila kufikiri sana. Babu alikuwa akikaa ndani ya lile gari kila alasiri, vioo vimefungwa, na redio ndogo ya betri mapajani. Hata joto likiwa kali. "Tulimwambia, mzee, utaiva humo. Akasema nalinda gari langu."

Jirani hakutaja ni stesheni gani, nami sikumlazimisha. Historia inayojulikana ni hii: SPLA ilikuwa na redio yake iliyotangaza kutoka Ethiopia kuanzia 1984, ikazimika mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka. Katika mji wa ngome kama Juba, kusikika ukiisikiliza halikuwa jambo dogo. Juni na Julai 1992 SPLA iliingia Juba mara mbili na kurudishwa nyuma, na baada ya hapo raia na askari wengi wa Kusini walikamatwa, wengine hawakuonekana tena. Gari la aluminiamu lililofungwa vioo ni chumba kizuri cha kusikilizia kitu kwa sauti ya chini. Pia ni mahali pazuri pa mzee mwenye familia ugenini kukaa peke yake. Kiti hakisemi alisikiliza nini. Kinasema alikaa, alikaa saa ile, na alikaa muda mrefu kiasi cha kivuli chake kubaki.

Hapo ndipo mjomba nami tukatofautiana. Yeye alikuwa na mpango tangu mwanzo: viti vyote vivuliwe, vishonwe upya kwa reksini nyeusi yenye mistari ya uzi mwekundu kama Land Cruiser za wakubwa, na dashibodi ivikwe kitambaa cha manyoya. Ana sababu. Gari la harusi hulipwa vizuri Juba, na Land Rover kuukuu iliyong'aa inavutia wapiga picha. Mimi nilitaka nyekundu ya babu irudi, kwa kusafisha na kupaka rangi, bila kuvua kitambaa. Baada ya kuiona ile alama nilitaka jambo jingine zaidi: mgongo wa kiti cha dereva usiguswe kabisa.

Wapenzi wa magari ya kale duniani wana mjadala huu pia. Nairobi kuna mashindano ya urembo wa magari yanayoandaliwa tangu 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo, na majaji huchungulia hadi chini ya viti. Katika mashindano ya aina hiyo, kwa muda mrefu sifa ilikuwa kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani. Kwa kipimo hicho, viti vyetu vingetakiwa kuwa vya kijivu, na babu angekuwa kosa la kusahihishwa. Wako siku hizi wanaothamini gari lisilorudishwa, lenye makovu yake. Kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam kuna Rolls-Royce iliyomhudumia gavana na baadaye Mwalimu Nyerere. Nani angependa iondolewe kila dalili kwamba watu hao wawili waliwahi kuketi humo? Lakini nakiri kwamba hoja ya makumbusho ni rahisi kwa gari lenye paa la serikali juu yake. La kwetu lazima lilete pesa ya dizeli na karo.

Aliyeamua ni haboba. Mjomba alimletea kipande cha reksini nyeusi akishike. Mimi nilimshika mkono nikampeleka garini, nikamwonyesha mgongo wa kiti. Alisimama mlangoni muda, akaweka kiganja kwenye ile sehemu nyekundu, juu kulia, mahali pa bega. "Hili bega lilikuwa linashuka," alisema. Ni kweli, ile alama haiko sawa pande zote mbili; upande mmoja uko chini. Sikuwa nimeona. Kisha akamwambia mjomba kwamba harusi zipigwe picha nje ya gari.

Basi tulifanya hivi, na naeleza kwa urefu kwa sababu wako watakaojaribu.

Vumbi kwanza. Vumbi letu jekundu likikutana na maji kabla ya kuondolewa linakuwa tope na kuingia kwenye vinyweleo vya kitambaa, kwa hiyo tulitumia brashi kavu ya rangi, laini, siku nzima. Kisha maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, si ya unga ambayo ni kali, kwa mswaki, sehemu ndogo ndogo, na kukausha kila moja kabla ya kwenda nyingine. Baada ya siku mbili, kufuta kwa spiriti ili kuondoa mafuta. Wako waoshaji wanaopaka dizeli ili plastiki ing'ae. Inang'aa kweli, kwa siku mbili, halafu inashika vumbi na kuharibu mpira. Mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo.

Palipochanika hatukushona juu, kwani sindano kwenye vinili kavu ni kama kutoboa stempu. Itachanika kwenye mstari huo. Fundi aliingiza kipande cha kitambaa kwa chini, akakipaka gundi, akabana ncha mbili zikutane. Sponji ya kiti cha dereva ilikuwa imekuwa unga, ikabadilishwa.

Rangi ilitaka subira. Tulikata kipande kidogo kwenye ukingo uliofichwa, ambako nyekundu ilikuwa haijaona jua, tukakituma Kampala kwa dereva wa basi, kwa ndugu anayejua maduka ya soko la Kisekka. Ilirudi chupa ya rangi ya vinili iliyochanganywa kufuata kile kipande. Tuliijaribu chini ya kiti kwanza, tukaiacha siku tatu, tukaisugua kwa kitambaa cheupe. Ilishika. Tukapaka kwa sponji ndogo, tabaka nyembamba nne, kila moja asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Baada ya hapo joto hukausha rangi kabla haijakaa vizuri, na upepo unaleta vumbi.

Dashibodi ni bati, kwa hiyo ilikuwa kazi nyepesi: msasa wa maji, rangi ya kupuliza, gazeti na utepe kufunika geji. Vioo vya geji tulivifuta tu. Usukani ulikuwa na nyufa pale mikono inaposhika na pale mhimili unapokutana na duara. Tulijaza kwa ile gundi ya kuchanganya mirija miwili, tukaiacha ikauke usiku mzima, tukasugua hadi kidole kisihisi kitu, tukapaka nyeusi. Kwenye saa nne na saa mbili za duara, mahali babu aliposhika, plastiki imelika kidogo. Tulipaka rangi juu yake lakini hatukujaza, na ukishika utajua.

Kabla ya kugusa mgongo wa kiti cha dereva hata kwa sabuni ya pili, niliupiga picha asubuhi, mchana na jioni, nikiweka futi ya fundi cherehani pembeni. Nilichora umbo lake kwenye karatasi ya kufungia na kuandika tarehe, jina la jirani kwa idhini yake, na maneno aliyosema. Karatasi hiyo iko ndani ya sanduku la bati la haboba, pamoja na vyeti. Mgongo wenyewe tumeupaka dawa ya kulainisha vinili isiyo na rangi ili usiendelee kupasuka, na mjomba ameweka karatasi ya giza juu ya kioo cha mbele gari linapoegeshwa. Sasa linaelekea mashariki, kwa ombi langu.

Ndani ya gari sasa kuna viti viwili vya damu ya mzee na cha tatu chenye makalio mekundu na mgongo wa waridi. Wateja wa mjomba wanamuuliza fundi atamaliza lini. Zamani alikuwa akieleza. Siku hizi husema mwezi ujao. Harusi mbili zimeshalikodi hata hivyo.

Tulipolitoa barabarani kwa mara ya kwanza, kwenye barabara ya Nimule ambayo tangu 2012 ina lami mwanzo hadi mwisho, nilikaa kushoto, kwenye kiti alichokikaa utingo wa babu. Usukani uko kulia na sisi tuko kulia, kwa hiyo mjomba haoni kitu nyuma ya lori lililo mbele yake. Mimi ndiye ninayeona. Kila akitaka kupita hutoa mguu kwenye mafuta kidogo na kuuliza, nami hutoa kichwa dirishani, natazama, namwambia bado.